Mkono wa Kushoto Kwenye Picha

Siku ya kwanza mjalidi wa vitabu kumwona yule mama, alimkuta anamfokea profesa.

Chuo kilikuwa na miezi mitatu tu tangu kifunguliwe. Kabla ya hapo majengo yale yalikuwa kiwanda cha nyuzi, na siku za joto sakafu bado ilitoa harufu ya mafuta ya mashine. Mwenye kiwanda alikuwa tajiri asiyejaliwa mtoto. Alipofariki na wosia wake kusomwa, ndugu zake nusura wazimie: majengo, maghala na mali yote viwe chuo kikuu cha utafiti, chuo cha binafsi kisichoitegemea serikali kwa lolote. Wakaajiriwa wahadhiri saba. Watu wakawaita Wale Saba, na jina hilo likawaganda mpaka makaburini. Kila mmoja alipewa chumba ambamo juzi tu mashine za kusokota zilikuwa zikinguruma, akaambiwa haya, chunguza.

Mjalidi naye aliajiriwa wakati huo huo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, elimu yake darasa la saba, ufundi wa kushona vitabu amefundishwa na mjomba wake mpaka ukamkaa vidoleni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwashonea watafiti madaftari ya maabara. Daftari la namna hiyo lina masharti yake. Hushonwa kwa uzi mmoja mrefu, kurasa zote zimeshikana, ili mtu akitaka kunyofoa ukurasa wa jana wenye hesabu mbaya, ukurasa mwenzake wa upande wa pili ulegee na kumchongea. Mjalidi aliipenda kazi hiyo. Ilimfaa mtu kama yeye, mwenye haya za kuzaliwa nazo, kwa sababu kitabu hakimuulizi fundi swali.

Basi siku hiyo alibeba madaftari kumi na mawili akayapeleka chumba cha mwisho, palipoandikwa VIOO. Alipofungua mlango akakuta mwali wa gesi unavuma, bluu, mrefu kama mkono wa mtu. Nyuma ya mwali kuna mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani myeusi usoni, anazungusha mrija wa kioo uliolainika kama uji. Pembeni yake alisimama profesa mwenye mvi, mkubwa wa kemia, mmoja wa Wale Saba, amenyoosha shingo kama mtu anayechungulia dirishani.

"Profesa, toka kwenye mwanga wangu."

"Nataka tu kuona unavyo..."

"Utaona kikipoa. Kioo cha moto na kioo cha baridi vina sura moja. Ukikishika utaniachia ngozi yako hapa, halafu niseme nini kwa mkeo?"

Profesa akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, kama mwanafunzi. Mjalidi hakuamini macho yake. Yeye kila alipomwona profesa yule anakuja upande huu wa korido alihamia upande mwingine, ili asilazimike kumwamkia.

"Na wewe uliyesimama kama mwiko," yule mama akasema bila kugeuka, "umeleta nini?"

"Ma... madaftari, dada."

"Weka pale. Mbona gundi imekujaa mpaka kwenye nyusi? Ndiyo unajipaka?"

Profesa akacheka. Mjalidi akajipangusa nyusi, akazidi kuzipaka. Tangu siku hiyo yule mama alimwita Gundi, na yeye mwenyewe chuo kizima kilimwita Mama Moto, ingawa mbele yake hakuna aliyethubutu.

Mama Moto alikuwa fundi wa vioo vya maabara. Ufundi aliupatia kiwanda cha taa, alikoingia kama mfagiaji. Siku moja fundi mkuu aliumwa, naye akakaa kwenye benchi bila kuulizwa na kupuliza taa arobaini, zote nzima. Shule aliiacha darasa la sita. Alikuwa mtu wa mashoto, na mwalimu wake mmoja alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa dawati ili ajifunze kuandika kwa wa kulia. "Nikajifunza," alimwambia mjalidi siku moja, "nikajifunza kufungua mafundo kwa mkono mmoja. Siku niliyoondoka nilimwachia kamba yake mezani." Mumewe alishafariki, aliishi na mdogo wake wa kike, mshonaji. Akiwa kwenye benchi, mkono wa kulia ulishika na wa kushoto ukafanya, na kila alichokitengeneza kilitoka kimegeukia kushoto.

Na hapo ndipo kisa chenyewe kilipoanzia.

Profesa wa kemia, ambaye wanafunzi walimwita Profesa Tone kwa vile alitumia maisha yake yote kuhesabu matone, alitaka mtambo wa kunyonya hewa iliyojificha ndani ya maji na kuipima, hata kama ni kidogo namna gani. Alichora mchoro. Mchoro ulikuwa mzuri, ila haukutengenezeka. Mama Moto aliutazama, akamwambia mrija huu ukiungwa hapa utapasuka ukipoa, na chupa hii ikikaa juu ya ile hewa itarudi ilikotoka. Profesa akasema haiwezekani, hesabu zinakubali. Mama Moto akautengeneza vile vile ulivyochorwa, ukapasuka. Akatengeneza wa pili, ukapasuka. Wa tatu uliivuta hewa na kuirudisha, kama alivyosema. Mara ya nne akauweka mchoro kabatini, akafunga mlango wa chumba siku tisa, akatengeneza alivyojua yeye. Hapakuwa na kiungo kimoja kilichofanana na mchoro, isipokuwa umbo kwa mbali, nalo limegeuzwa: bomba lililokuwa kulia liko kushoto, na koki inafunguka kwa kuzungusha kushoto.

"Umegeuza," profesa akasema.

"Hewa haijui kulia wala kushoto. Washa."

Akawasha. Mjalidi alikuwepo, kaleta daftari jipya. Waliona povu dogo kama kichwa cha pini linapanda kwenye mrija mwembamba, linasimama kwenye alama, halirudi. Profesa Tone alikaa chini, sakafuni kabisa, na suruali yake nzuri ya kazini, akasema, "Mama, nitakutaja. Nikiandika kitabu, nitakutaja kwanza kabla ya mke wangu."

"Mtaje mkeo kwanza," Mama Moto akasema. "Mimi nitaje, inatosha."

Siku mbili baadaye akaja mpiga picha. Alitaka mtambo uonekane vizuri, na nyuma kulikuwa na ukuta wenye mabomba, basi mjalidi akapewa shuka jeupe alishike juu kwa mikono miwili, yeye mwenyewe amejificha nyuma yake. Profesa akasimama katikati, kalamu kwenye mfuko wa kifuani. Mpiga picha akamwambia Mama Moto, "Mama sogea, unaziba." Akasogea. Lakini mtambo ulikuwa haujafungwa vizuri kwenye nguzo yake, ukayumba, na Mama Moto akanyoosha mkono haraka kutoka pembeni akaishika koki. "Hivyo hivyo, usitikisike!" mpiga picha akapiga kelele. Ndivyo picha ilivyotoka: profesa anatabasamu, mtambo unang'aa, na kutoka ukingoni mkono mmoja wa kushoto, bila mwenyewe.

Picha hiyo ilizunguka dunia. Makala ya profesa ilichapishwa pamoja na mchoro wake wa kwanza, ule usiotengenezeka, kwa sababu ulikuwa umechorwa vizuri. Wageni wakaanza kuja. Wale Saba wakawa ishirini, kisha mia, kisha wahadhiri mia nne, na ghala la pamba likawa maktaba. Mtambo ukachorwa kwenye nembo ya chuo. Mama Moto akatengeneza mingine hamsini na sita, yote ya mashoto, na kukawa na jambo la kuchekesha: waliosoma kemia pale walijulikana popote walipokwenda kazi, kwa vile walizisogelea koki kwa mkono wa kushoto. Wakiulizwa, walisema ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyeuliza nani aliwafundisha.

Profesa Tone alifariki mwaka wa kumi na tisa wa chuo, kitabu hajakiandika. Mtambo wa kwanza ulivunjika wakati wa kuhama maabara. Baadaye vioo vikaanza kuletwa kwa maboksi kutoka nje, vya bei nafuu, vyote vimegeukia kulia. Mama Moto alipostaafu, chumba cha VIOO kikafanywa ofisi ya uhusiano, pakawekwa zulia na viti laini. Alipopita kuaga alimkuta binti amekaa palipokuwa na benchi lake, anapaka rangi kucha. "Karibu mama, una miadi?" Akajibu, "Nilikuwa nayo. Miaka ishirini na tisa." Akaondoka.

Mwaka uliofuata chuo kikatimiza miaka thelathini, na ikaamuliwa kiandikwe kitabu cha historia. Kazi hiyo alipewa daktari wa historia, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyekuwa na miaka sita tu pale chuoni. Hakuwa mtu mbaya. Mjalidi alijaribu mara nyingi kumwona mbaya, akashindwa. Alikuwa mtu anayeamini makaratasi. Aliichukua ile picha, akaiweka kando ya mchoro wa profesa, akaona havifanani: kwenye mchoro mtambo unaelekea kulia, kwenye picha kushoto. Mtu mwingine angesimama hapo akauliza. Yeye alitabasamu, kwa furaha ya mtu aliyekamata kosa, akaamua kwamba miaka yote picha ilikuwa ikichapishwa kinyumenyume. Akaigeuza. Chini yake akaandika: Profesa na mtambo alioutengeneza kwa mikono yake. Pembeni, mkono wa msaidizi.

Kabla ya kitabu kwenda kuchapwa, wafanyakazi wote na wastaafu waliitwa ukumbini wasikilize rasimu. Mjalidi alikuwepo, kakaa nyuma kabisa karibu na mlango, magotini ameweka vipande vya ngozi vya kuchagulia jalada. Picha ikamulikwa ukutani kwa projekta, kubwa kama nyumba. Mjalidi aliona mara moja. Kalamu ya profesa ilikuwa imehamia kifua cha kulia. Na ule mkono, ule mkono uliokuwa kitu pekee kilichobaki cha Mama Moto katika historia yote ya chuo, ulikuwa umegeuzwa mkono wa kulia. Ulikuwa mkono wa mtu mwingine, asiyekuwepo.

Akavibana vipande vya ngozi kwa viganja.

Mama Moto alikuwa safu ya tatu. Akasimama. Hakuomba ruhusa.

"Picha hiyo mmeigeuza."

Daktari wa historia akainamisha kichwa kwa heshima. "Mama, asante. Ni kinyume chake, tumeirekebisha. Ukitazama mchoro wa marehemu profesa..."

"Mchoro wa marehemu ulipasuka mara mbili. Huo mtambo nimetengeneza mimi. Siku tisa. Na huo mkono ni wangu, na ni wa kushoto, huu hapa." Akauinua. Ulikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye kiwiko.

Watu wakatazamana. Mhadhiri mmoja safu ya mbele akanong'ona kitu, mwenzake akaziba mdomo asicheke. Makamu wa mkuu wa chuo, aliyeongoza kikao, akasema kwa upole, "Mama yetu, hakuna anayepuuza mchango wako. Wote tunajua umetutumikia."

"Sikusema nimetumikia. Nimesema nimetengeneza."

"Tatizo letu ni ushahidi, mama," daktari akasema. "Hiki ni kitabu cha chuo cha utafiti. Hatuwezi kuandika jambo kwa sababu tu mtu amelisema. Je, kuna yeyote aliyekuwepo?"

Mama Moto akageuka. Akapitisha macho juu ya vichwa vyote, safu baada ya safu, mpaka nyuma, mpaka mlangoni, yakamkuta mjalidi yakatua hapo. Alisubiri.

Makamu akafuata macho yake. "Aha, fundi wetu wa vitabu! Wewe upo tangu mwanzo. Unakumbuka lolote?"

Vichwa mia mbili vikageuka.

Hapa lazima isemwe kwamba mjalidi aliwahi kuongea ukumbini humo mara moja, mwaka wa tatu wa chuo. Alitaka kuomba mashine kubwa ya kukatia karatasi. Alisimama, sauti ikamkimbia, mdomo ukafunguka na kufumba kama wa samaki, mpaka profesa mmoja akasema, "Basi tuandikie barua," na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Tangu siku hiyo hakufungua tena mdomo mbele ya watu wenye digrii. Lakini hicho si kisingizio. Yeye mwenyewe alilijua hilo hata wakati akiwa anasimama, vipande vya ngozi vikimwagika miguuni.

Alikumbuka shuka. Alikumbuka mikono ilivyomuuma kwa kulishika. Alikumbuka povu kama kichwa cha pini. Akasema:

"Ni siku nyingi, mheshimiwa."

"Naam, ni siku nyingi," Makamu akasema. "Tuendelee."

Mama Moto alibaki amesimama kidogo, bado anamtazama. Kisha akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka kwa mlango ule ule aliokaa karibu nao mjalidi. Alipita karibu kiasi kwamba upindo wa gauni lake ulimgusa goti. Hakumwangalia.

Jioni ile mjalidi alimsimulia mkewe, akitazama kikombe cha chai.

"Ukasema ni siku nyingi?" mke akauliza.

"Ndiyo."

"Yaani wewe. Humu ndani unagombana na redio. Mtangazaji akikosea bei ya sukari unasimama unamjibu! Halafu kule unaulizwa swali la ndiyo au hapana..."

"Walikuwa mia mbili."

"Redio inasikilizwa na mamilioni, mbona hao huwaogopi?" Kisha mke akaona uso wake, akaacha mzaha. "Nenda kesho. Nenda kwa Makamu ofisini. Hapo hapana mia mbili, ni mmoja."

Alikwenda. Alifika mpaka kwa katibu muhtasi, akaulizwa shida yake, akasema amekuja kuuliza rangi ya jalada. Akaambiwa kijani.

Hasira aliyorudi nayo karakana siku hiyo hakuwahi kuijua. Aliwachukia wale waliocheka, alimchukia daktari na mchoro wake, aliichukia kalamu ya profesa iliyohama mfuko. Zaidi ya wote alimchukia mtu aliyekuja kuuliza rangi ya jalada. Akagonga meza kwa nyundo ya kunyooshea migongo ya vitabu, mara tatu, peke yake, mlango umefungwa. Hata hasira yake ilikuwa na haya.

Ndipo akaamua kufanya kile alichojua kufanya.

Kurasa zilizochapwa zilipofika karakana, nakala mia sita, mjalidi alikwenda kwenye albamu za zamani, ambazo alizijalidi yeye mwenyewe, akaitoa picha ya asili. Akaipeleka kwa mpiga chapa mtaa wa nyuma pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono.

"Ukurasa huu uchapwe upya," akasema. "Picha hivi ilivyo, usiigeuze. Nyuma yake yale majina ya Wale Saba yabaki kama yalivyo. Chini ya picha weka maneno haya."

Mpiga chapa akasoma. "Nani kaidhinisha?"

"Nimetumwa."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini katika miaka thelathini, na ulitoka laini kuliko kweli yoyote aliyowahi kujaribu kuisema.

Ilimchukua siku kumi na moja. Kitabu kimoja kimoja, aliukata ukurasa wa zamani kwa kisu, akaacha ukingo mwembamba kama ukucha, akaupaka gundi, akauweka ukurasa mpya juu yake, akaupanga sawa na wenzake, akaulaza chini ya jiwe la kugandamizia. Yeye ambaye ujana wake wote alishona madaftari yasiyonyofoleka ukurasa, sasa ananyofoa mia sita. Alifanya kazi safi. Ungepitisha kidole usingejua. Chini ya picha, maneno yalisema kwamba mtambo ule uliundwa na kutengenezwa na fundi wa vioo wa chuo, likafuata jina lake kamili, la baba na la babu, na kwamba mkono unaoonekana ni wake.

Sherehe ilifanyika mchana, kwenye uwanja uliokuwa wa kuanikia pamba. Vitabu vya kijani viligawiwa. Mjalidi alisimama nyuma ya meza ya vitabu, anangoja mlipuko. Haukuja. Kila mhadhiri alifungua kutafuta picha yake mwenyewe, akaipata, akamwonyesha jirani, akafunga. Nusu saa ilipita hivyo. Kisha akamwona daktari wa historia, peke yake chini ya turubai, kafungua ukurasa ule ule. Rangi ilimtoka. Akafunga kitabu, akafungua kingine. Na kingine. Akainua macho kuelekea meza ya vitabu.

Mjalidi akajiambia, sasa. Nikiulizwa sasa, nitasema.

Lakini kabla daktari hajapiga hatua, Makamu alimfikia, kitabu mkononi, anatabasamu kwa meno yote. "Daktari! Nimeona ukurasa wa mtambo. Umelifanyia kazi lile suala la mama yetu. Hongera sana. Huo ndio utafiti."

Daktari akamtazama Makamu. Akamtazama mjalidi.

"Tulichimba zaidi, mheshimiwa," akasema. "Tukagundua."

Na Makamu akapanda jukwaani akawaambia watu wote, kwamba hivi ndivyo chuo hiki kilivyo, hakiogopi kujisahihisha, na daktari wetu alirudi kwenye nyaraka mpaka akaugundua ukweli uliosahaulika. Makofi yakapigwa. Daktari akainuka kidogo kwenye kiti, akainama. Mjalidi alikuwa mita kumi kutoka pale. Mdomo wake ulifunguka. Akautumia kumeza mate.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Moto. Mdogo wake, yule mshonaji, alimfungulia, akamwambia, "Yupo, ila leo hajaamka vizuri." Mama Moto alikuwa amekaa karibu na dirisha, anapepeta mchele kwenye ungo. Hakusimama.

"Dada, nimekuletea kitabu."

"Sijakiagiza."

"Fungua ukurasa wa kumi na tisa."

Akafuta mikono kwenye kanga, akafungua. Aliitazama picha kwa muda mrefu sana. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya ule wa kwenye picha. Akasoma maneno ya chini, midomo ikicheza, mpaka kwenye jina la babu yake. Mjalidi aliona uso wake unalainika, akasogea karibu.

"Nani amewaambia?" Mama Moto akauliza.

"Hakuna aliyewaambia. Nimekata ukurasa wao nikabandika huu. Vyote mia sita."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na wao wamesemaje?"

Mjalidi alitaka kudanganya, lakini mbele yake hakuweza. Akamweleza yote: Makamu, daktari, jukwaa, makofi.

"Kwa hiyo daktari amepigiwa makofi."

"Ndiyo, dada."

"Kwa kugundua."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa wapi wakati anagundua?"

"Kwenye meza ya vitabu."

Mama Moto akacheka, kicheko kifupi, kikavu. Mdogo wake alisimamisha cherehani chumba cha pili.

"Nilidhani utafurahi," mjalidi akasema.

"Nifurahie nini, Gundi? Mimi mkono wangu naujua. Unadhani nilisimama mbele ya wale watu kwa ajili ya karatasi? Profesa aliniahidi karatasi, akafa nayo kichwani, na sikumlilia hiyo. Mimi nilitaka mtu mmoja ainuke aseme nilikuwepo, nilimwona. Basi. Asome, asisome, ana digrii, hana digrii, mtu mmoja mwenye macho. Wale wengine wote wamekufa. Umebaki wewe."

"Niliogopa, dada."

"Najua uliogopa. Mwoga anayesema kweli namwelewa. Hata mwoga anayenyamaza namwelewa. Wewe ulisema. Ulisema ni siku nyingi." Akakifunga kitabu. "Jana je? Jana walikuwa wanaipigia makofi kazi yako mwenyewe, wamempa mwingine, hukusema. Umeona inavyouma? Hata yako hukuitetea, utatetea yangu?"

Mjalidi aliyatazama makovu ya ule mkono juu ya jalada la kijani, mgongo wa kitabu ukiwa umenyooka vizuri, kazi safi.

Akainuka aondoke. Mama Moto akamfuata mpaka mlangoni, kitabu mkononi. Aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi baada ya siku ile. Walikutana njiani mara tatu, na mara zote tatu alimpita kama mtu anayepita nguzo. Basi yale aliyomwambia pale mlangoni, huku akimsukumia kitabu kifuani, ndiyo yaliyokuwa ya mwisho:

"Uliulizwa mchana kweupe, mimi nakutazama. Sasa wewe umejificha nyuma ya gundi, daktari kajificha nyuma yako, na mimi nimebaki pale pale nilipokuwa nimesimama. Chukua kitabu chako. Na siku ukipata sauti, usiniletee mimi. Wapelekee wao."